Athari ni kitu kibaya siku zote? Jibu kwa msomaji wa Ngaramtoni

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Ngaramtoni, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nipo kwenye kikundi kinachofanya jaribio la mbolea kwenye maharage, tumeambiwa tuandike kipeperushi cha Kiswahili kwa wakulima wa huku. Mimi nikaweka kichwa 'Athari za mbolea ya urea kwa maharage', mwenzangu akakataa kabisa, anasema athari ni kitu kibaya, mkulima akisoma hivyo atajua urea inaua maharage, bora tuandike faida. Nani yuko sawa? Na ile ya fizikia ya Mtanzania mwenzetu Erasto Mpemba, ya maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi, ni athari ya Mpemba au tokeo la Mpemba? Halafu naandika athari ya au athari za?"

Marahaba dada. Kwenye maana wewe ndio uko sawa, ila kwenye masikio ya mkulima huyo mwenzako naye ana hoja, usimpuuze.

Athari ni lile badiliko au alama inayobaki kwenye kitu baada ya kitu kingine kukigusa. Asili yake Kiarabu, athar, yaani alama, nyayo, kile kinachokuonyesha kwamba hapa kuna kitu kimepita, na nyayo hazikwambii kama aliyepita alikuja kwa heri au kwa shari. Ubaya una neno lake, madhara, limetokana na kudhuru, na uzuri una la kwake, faida. Ndio maana kwenye utafiti athari hatuwezi kuliacha, maana mtafiti anapoingia shambani bado hajui mbolea itasaidia au itaharibu, sasa akiandika "faida za urea" kwenye kichwa cha habari ameshahukumu kesi kabla hata mbegu haijaota, akiandika "madhara ya urea" ni hivyo hivyo. Akiandika athari ameacha mlango wazi, shamba lenyewe liseme.

Sasa mbona watu wengi wanasikia ubaya tu? Mimi naona lililotufikisha hapa ni habari za kila siku. Washa redio, mafuriko yameathiri kaya kadhaa, ukame umeathiri wafugaji, waathirika wa ajali wamepelekwa hospitali. Na kuna kipindi kirefu kila bango la afya lilikuwa na "waathirika wa ukimwi", mpaka watu wakalalamika, kwa haki kabisa, ndio tukahamia kusema watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Neno likitembea na misiba miaka yote hiyo lazima lishike harufu ya msiba. Lakini angalia vizuri, kilichoshika harufu zaidi ni kitenzi. Simama sokoni hapo Ngaramtoni umwambie mtu "urea imeathiri maharage yangu", atakupa pole, hatakuuliza umevuna gunia ngapi. Nomino bado ina uzima wake, kitenzi kimeshaegemea upande mmoja na sioni dalili ya kurudi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, kwenye ripoti andika "athari za urea kwa maharage" bila wasiwasi, ni Kiswahili safi. Kuathiri na kuathirika kiweke pale penye kuumia, na pale ambapo mambo yamekuwa mazuri sema wazi kilichotokea, imeongeza mavuno, imestawisha majani, imebadilisha rangi. Kuna wanaopenda "athari chanya" na "athari hasi", kwenye tasnifu sawa, siyo kosa, lakini kijijini chanya na hasi ni maneno ya darasa la hesabu, mkulima anabaki anakuangalia.

Na hilo jaribio lenu lenyewe linaonyesha kwa nini "faida" isingetosha. Nenda kwenye mistari isiyowekwa urea, ng'oa mche mmoja taratibu usikate mizizi, kung'uta udongo, utaona vinundu vidogo vimejishika kwenye mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa ndani na wekundu wa waridi maana yake bakteria waliomo wapo kazini, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, na mmea nao unawalipa kwa sukari. Halafu nenda mistari yenye urea nyingi. Majani kijani kibichi kweli kweli, ukipita barabarani unasema hapa kuna mtu anajua kulima, lakini ng'oa uone mizizi, vinundu vichache, kwa sababu mmea ukikuta naitrojeni imejaa kwenye udongo hauna sababu ya kuendelea kuwahudumia wale bakteria. Mbolea moja, mmea mmoja, athari mbili, ya juu inafurahisha na ya chini inakupunguzia mbolea uliyokuwa unaipata bure kutoka hewani. Hapo ukiandika faida umemficha mkulima nusu ya habari, ukiandika madhara umemficha nusu nyingine. Kwa kipeperushi basi mimi ningeweka "Urea inafanya nini kwenye maharage?" Anaelewa kila mtu na hakuna atakayeogopa, athari ibaki kwenye ripoti.

Mfano mwingine upo mdomoni mwetu watu wa Arusha. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, na tunawajua ndugu zetu waliokulia huko wenye meno ya kahawia. Hapo neno madhara lina haki yake yote, maana ikizidi sana kwa miaka mingi haiishii kwenye meno, inaingia mpaka kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifanyia kazi njia ya kuipunguza kwa kuchujia maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini floraidi hiyo hiyo ikiwa kidogo inakinga meno yasioze, ndio maana inawekwa kwenye dawa ya meno. Sasa mtu akiniandikia "athari za floraidi kwa meno" nategemea anieleze yote mawili, kuanzia kiasi gani inakinga na kuanzia kiasi gani inaharibu. Akiandika "madhara ya floraidi" nategemea upande mmoja tu, na akichanganya humo humo habari za dawa ya meno inavyosaidia nitamwambia kichwa na mwili havifanani.

Kwenye dawa za hospitali kuna neno ambalo nalipenda sana na halikutoka kwa wataalamu wa lugha. Manesi wanasema "maudhi madogo madogo", kichefuchefu, kichwa kuuma, mkono kuvimba baada ya sindano. Ni udhia, unapita, haufiki kuitwa madhara. Wangesema "athari za chanjo" nusu ya akina mama wangerudi nyumbani na watoto.

Tuje kwa Mpemba. Erasto Mpemba mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu wenyewe, unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unasubiri yapoe ndio uweke kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, akaona akisubiri ataikosa, akaweka ya kwake ya moto hivyo hivyo. Baada ya saa moja na nusu ya kwake imeganda, ya mwenzake aliyeweka maziwa bila kuyachemsha bado uji uji. Aliuliza, akachekwa, akaendelea kuuliza. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akaja profesa wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akasimama akamuuliza kwa nini maji yaliyoanza na nyuzi 100 yanawahi kuganda kuliko yaliyoanza na nyuzi 35. Wenzake wakacheka tena, ila Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, wakati huo Mpemba anasoma chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu ya Moshi. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu chanzo chake, na wapo wanaosema ukipima kwa makini sana haijitokezi.

Sasa athari au tokeo? Tokeo, au matokeo kama tulivyozoea, ni kile ulichokipata mwisho wa jaribio moja. Aiskrimu iliyoganda ndani ya saa moja na nusu ni matokeo ya siku ile. Athari ni ule utaratibu unaodaiwa kurudi kila masharti yakitimia, kwamba joto la mwanzo linaacha alama yake kwenye mwendo wa kuganda. Mtu anaweza kurudia jaribio akapata matokeo tofauti kabisa na bado mjadala ukawa ni ule ule wa athari ya Mpemba. Kwa hiyo athari ya Mpemba, na vivyo hivyo athari ya Doppler, ile inayofanya honi ya basi isikike ikishuka baada ya kukupita na inayowasaidia wanaastronomia kujua nyota inatusogelea au inakimbia. Hakuna mtu anayesikia ubaya hapo, hilo linakuonyesha kwamba neno likiwekwa mahali pake linapumua vizuri tu.

Mwisho ya na za. Athari halibadiliki umbo, lipo kwenye kundi moja na nyumba na kalamu, kwa hiyo badiliko moja ni athari hii, athari ya, yakiwa mengi ni athari hizi, athari za. Kwenye vinundu na majani umehesabu mbili, andika za. Lakini kinachowapoteza wengi kuliko ya na za ni kusahau "kwa". Mtu anaandika "athari za maharage" anaishia hapo, hujui maharage yamefanya kitu au yamefanyiwa. Anayefanya akae na ya au za, anayefanyiwa akae na kwa. Na ukigeuza umegeuza sayansi yenyewe. Athari ya Mwezi kwa bahari ni maji kujaa na kupwa, hiyo mtoto yeyote wa Tanga anakueleza. Athari ya bahari kwa Mwezi ni habari nyingine kabisa, maji yale yanayojaa na kupwa yanausukuma Mwezi uende mbali na sisi kama sentimita 3.8 kila mwaka, na umbali huo unapimwa kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo ambavyo wanaanga wa Apollo walianza kuviacha kule mwaka 1969.