Zimwi la ziwani linaomba taa ipunguzwe: kuchora katuni ya kutisha na kuchekesha

Katuni ya kutisha ya watoto huharibika pale mchoraji anapokwenda kutafuta kichekesho mbali na zimwi lenyewe. Zimwi linatokea, mtoto anaganda, halafu analetwa mlevi anayeanguka kwenye tope. Mtoto atacheka, sawa. Lakini usiku atalikumbuka zimwi peke yake, maana kicheko hakikuligusa. Kilichotisha ndicho kichekeshe.

Kwa Kigoma kitisho kiko mlangoni. Usiku hauna mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamewasha karabai (au taa za betri, kama ilivyo siku hizi), mwanga umechora mduara mdogo juu ya maji, na chini yake kuna Ziwa Tanganyika linalofika kina cha mita 1,470 hivi. Kitu kinagonga mtumbwi kutoka chini. Sasa kitu hicho kipe shida ndogo ya nyumbani: "Jamani, punguzeni taa, wanangu hawalali!"

Chukua karatasi 2 za A4, zikunje katikati, upate kurasa 8. Karatasi ya nje inabeba 8 na 1, nyuma yake 2 na 7. Ya ndani inabeba 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Ziandike namba kwa penseli kabla hujachora chochote.

Mgongo wa mtumbwi ugongwe kwenye kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa 3, upande wa kulia, ili mtoto afunue kwa mkono wake mwenyewe. Wengi hukosea hapa: wanatisha ukurasa wa 4 na kuchekesha wa 5. Kurasa hizo zinaonekana kwa pamoja, kwa hiyo jicho limeshafika kwenye kichekesho kabla moyo haujashtuka. Zimwi lichukue zote mbili, mchoro mmoja. Pua yake tu isikae kwenye mkunjo, pini za kubania karatasi zitaitoboa. Lalamiko lake lisubiri ukurasa wa 6. Kabla ya ukurasa wa 4 lisionekane zima: mapovu ukurasa wa 2, kucha moja ukingoni mwa mtumbwi ukurasa wa 3, basi.

Usiku usiujaze wino mzima, mashine ya steshenari itautoa na mabaka ya kijivu. Piga mistari ya mshazari iliyobanana, uache mduara wa taa na macho mawili vikiwa vyeupe. Rudia mistari yote ya penseli kwa kalamu nyeusi, na acha sentimita 1 pembeni kwa sababu kopi hukata kingo. Maneno yaandikwe kwanza, kiputo kichorwe baadaye kuyazunguka, yasizidi 12. Ukianza na kiputo, herufi zitabanana kama abiria wa daladala. "Chubwi!" peke yake ichorwe kubwa, nje ya kiputo.

Hapa sasa hakuna mzaha: kitisho kisiwe bibi mwenye macho mekundu. Macho hayo huwa ni ya moshi wa kuni, na yamewaponza vikongwe wengi wa mikoa ya magharibi, wakauawa kwa kudhaniwa wachawi. Wala asiwe mtu mwenye ualbino. Zimwi lipe magamba, mikono sita na kaptula iliyochanika.

Ukimaliza, mpe mtoto mmoja asome bila kumsimulia. Akirudi ukurasa wa 4 kuchungulia tena, imekaa. Akiuruka mbio kwenda wa 6, punguza meno.