Vitatu vya Aina Moja: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Visahani vya Kumalizia

Wiki hii karibu maswali yote yamehusu gofu ya visahani, na hasa visahani vya kufanyia mazoezi ya umaliziaji, yaani ile mitupo mifupi ya kutia kapuni. Kwa asiyeujua mchezo: unarusha kisahani kutoka mahali pa kuanzia hadi kiingie kwenye kapu la chuma lenye minyororo, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Visahani vya masafa marefu huitwa draiva, vya kumalizia huitwa puta. Leo tunazungumzia puta.

Shikamoo Mwalimu. Nipo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwaka wa pili. Nimejibana nikapata hela ya visahani vitatu. Nichukue aina tatu tofauti nijue ipi inanifaa, au unashaurije?

Marahaba mwanangu. Chukua vitatu vya aina moja. Jina moja, plastiki moja, uzito mmoja. Rangi ikitofautiana haidhuru.

Najua hamu ya kujaribu kila kitu, na hela yenyewe imepatikana kwa tabu. Lakini zoezi la kumalizia ni kurudia kitu kilekile mpaka mkono ukizoee. Ukirusha vitatu vinavyofanana, tofauti inayobaki ni wewe mwenyewe. Kimoja kikienda pembeni, unajua kuna kitu umefanya. Ukiwa na aina tatu, hutajua kama kosa ni la kidole, la mguu au la kisahani, na lawama utaitupia kisahani kila siku.

Mwezi uliopita binti mmoja ninayemfundisha alisimama mita sita kutoka kapuni, kwenye uwanja wetu wa vumbi kule Makulu. Alikuwa na puta tano za aina moja. Alirusha zote, na zote zikaanguka kulia kwa kapu. Nilipokwenda kuziokota nilizikuta zimelala pamoja, mahali pasipozidi upana wa ungo. Pale pale tukajua kwamba mkono wake uko sawa, maana mkono usio sawa hauwezi kurundika vitu namna ile. Shida ilikuwa anachelewa kuachia kwa sababu kidole gumba kilikuwa kimebana mno. Akalegeza gumba, akarusha tena tano, tatu zikalia kwenye minyororo. Kwa visahani vya mchanganyiko tungemaliza jioni nzima tukibishana.

Ukipata hela nyingine, ongeza vya aina ileile. Vikifika vitano au sita unapunguza safari za kwenda kuokota, na muda mwingi unautumia kurusha. Na kwa kuwa visahani vingi huagizwa nje, kaeni watu wanne au watano muagize kwa pamoja ili mgawane gharama ya usafiri.

Mwalimu, kwenye kisahani cha rafiki yangu kuna namba nne, 2, 3, 0 na 1. Zina maana gani? Zinasaidia kuchagua? (Kijana wa mtaa wa Kikuyu, Dodoma)

Zinasaidia. Ya kwanza ni kasi ambayo kisahani kinahitaji ili kiruke kama kilivyokusudiwa. Puta nyingi ni 2 au 3, draiva kubwa hufika 12 na kuendelea. Ya pili ni uwezo wa kuelea hewani. Ya tatu ni mwelekeo wa kugeuka mwanzoni kikiwa na kasi, na ya nne ni jinsi kinavyokunjia upande wa pili kikianza kuchoka. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, kiganja kikianzia kifuani, kule kukunja kwa mwisho huelekea kushoto. Kwa mwenye mashoto ni kinyume chake.

Hizo ulizozitaja ni namba za Aviar ya kampuni ya Innova, mojawapo ya puta zilizokaa sokoni muda mrefu. Ni kisahani kinachokwenda karibu moja kwa moja, na anayeanza anahitaji hicho. Judge ya Dynamic Discs ni 2, 4, 0, 1. Inaelea kidogo zaidi. Usizitafute namba za ajabu. Sifuri kwenye ya tatu, na moja au mbili kwenye ya nne, inatosha.

Kilicho kikubwa kuliko namba ni jinsi kinavyokaa mkononi. Pitisha kidole chini ya ukingo. Baadhi ya puta zina kiuvimbe chembamba kinachozunguka ukingo wote, nyingine ni laini tupu. Judge inacho, ndugu yake aitwaye Warden hana. Wapo wanaopenda kukisikia kile kiuvimbe wanapokamata, wapo kinaowakwaza wakati wa kuachia. Hapo hakuna mwalimu wa kukuamulia. Omba cha mwenzako, rusha mara hamsini, mkono utasema.

Plastiki gani inafaa kwa jua letu la Dodoma? Yangu ya bei nafuu inalainika kama mpira. (Nkuhungu)

Ya bei nafuu ndiyo ninayoipenda kwa kumalizia. Inashikika vizuri mkononi hata ukiwa na jasho, na ikigonga minyororo haidundi kirahisi kama zile ngumu zinazong'aa. Udhaifu wake ni kuchakaa mapema, hasa kwenye ardhi yetu ya kokoto.

Kuhusu joto ni kweli, plastiki hulainika juani na baridi huikaza. Kwa hiyo kampuni moja hutengeneza kisahani kilekile kwa ulaini na ugumu tofauti. Ukiwa Dodoma, kama mazoezi yako ni ya mchana, chagua ule mgumu kidogo wa daraja hilohilo la bei nafuu. Vinapopumzika viweke kivulini, vilale bapa, visiegemezwe ukutani. Na usiviache ndani ya gari! Mimi niliviacha vinne juu ya dashibodi nikaingia sokoni Majengo kununua nyanya. Niliporudi viwili vilikuwa vimepinda upande mmoja kama chapati iliyonyanyuliwa ikiwa bado mbichi. Niliviweka juu ya meza na kitabu kizito juu yake usiku kucha. Vilinyooka kiasi, lakini kuruka kwake hakukurudi kuwa kule kwa zamani.

Kuanzia Juni upepo huku Iyumbu hauna huruma. Puta yangu inapaa juu ya kapu. Ninunue nzito zaidi?

Uzito unasaidia, ila sheria zina kikomo: gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Puta ya sentimita 21.2 basi huishia kama gramu 175. Kama yako ni ya 165, ndiyo, panda hadi 173 au 175. Pia tafuta inayoelea kidogo, namba ya pili iwe 2 au 3, na namba ya nne iwe 2 au zaidi ili isiyumbe.

Lakini tatizo lako nusu yake ni mlengo. Upepo ukikujia usoni unaingia chini ya kisahani na kukinyanyua. Lenga chini, kwenye ukingo wa kapu, na pua ya kisahani, yaani ukingo wa mbele, isitazame juu hata kidogo. Upepo ukikusukuma mgongoni, kisahani huzama haraka. Lenga minyororo ya juu. Kabla hujarusha chota vumbi, liachie liende, utaona lilikoelekea. Vumbi hatujakosa.

Na usikimbie mazoezi siku ya upepo. Watu wetu wa Dodoma wakifika kucheza kwenye viwanja tulivu hushangaa kapu lilivyo jepesi.

Mwanangu wa kike ana miaka tisa na anataka kuanza. Nimnunulie kama cha kaka yake? (Mama wa Area D)

Hapana mama. Cha kaka yake kitamlazimisha kutumia bega zima. Mtafutie cha gramu 150 au chini ya hapo, chenye ukingo mfupi ambao vidole vyake vinaufikia kwa ndani. Mwanzishe mita tatu, si zaidi. Mtoto akisikia minyororo inalia mara kumi kwa siku, kesho atakuamsha mwenyewe.

Frizbi ya kawaida ya kuchezea inafaa?

Kwa kujifunza kuzungusha kiganja, ndiyo. Kwa kapu, hapana. Ni pana mno, ukingo wake ni wa mviringo na hushikwa tofauti.

Hatuna kapu. Tunafanyaje mazoezi bila kapu? (Vijana wa Veyula)

Ed Headrick, Mmarekani aliyebuni kapu la minyororo katika miaka ya 1970, aliukuta mchezo ukichezwa kwa kulenga miti na nguzo. Basi nanyi mna mibuyu, ingawa mbuyu ni mnene, utawadanganya kwamba mna shabaha. Chagueni nguzo nyembamba, au chomekeni mti mbichi ardhini na kuufunga kitambaa kwenye urefu wa kifua. Anayegonga nguzo nyembamba kutoka mita tano hatalikosa kapu.

Mkijichangisha, fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kuwatengenezea. Rimu mbili za baiskeli, moja juu ya kuning'inizia minyororo, ya chini isukiwe nondo nyembamba iwe tenga. Bomba katikati, na kitako kizito cha zege. Ukingo wa tenga uwe kama sentimita 82 kutoka ardhini. Mwambieni fundi asage kila ncha ya nondo, kwa sababu ncha moja iliyosahaulika itachana visahani vyenu vyote ndani ya wiki. Kisha chora duara la mita 10 kwa chokaa. Ndani ya duara hilo sheria inataka ukirusha ubaki umesimama imara, hupigi hatua kuelekea kapuni mpaka umeonyesha umetulia. Wengi huzoea kuchapuka mbele mazoezini, halafu kwenye mashindano wanaadhibiwa.

Visahani vyangu vimechubuka kwa kokoto. Nivitupe? (Chamwino)

Usivitupe. Ukingo uliochubuka kidogo hushikika vizuri zaidi, na puta nyingi zikizoea ardhi hunyooka njia kuliko zilipokuwa mpya. Palipochanika pakakwaruza kidole, pitisha msasa laini mpaka pawe sawa. Sheria inaruhusu kulainisha mikwaruzo, haikuruhusu kubadili umbo.

Jihadhari na jambo moja tu: usitumie kimoja sana na kukihifadhi kingine. Baada ya miezi sita utakuwa na visahani vya jina moja vinavyoruka njia mbili, na ile faida ya kununua vinavyofanana imekwisha. Vyangu nimeviandika namba 1 hadi 5 kwa maka peni, upande wa chini, na kila siku naanza na kinachofuata kile nilichoanza nacho jana.