Jibu: Filamu ya The Call of the Wild na riwaya yake

Ndugu, umeuliza kama filamu hii ya mwaka 2020 inatosha kwa mtu ambaye hajasoma riwaya ya Jack London ya mwaka 1903. Kwa maoni yangu haitoshi, ingawa Harrison Ford ameigiza vizuri sana nafasi ya John Thornton, bwana wa mwisho wa mbwa Buck.

Tatizo kubwa ni Buck mwenyewe, mbwa ambaye ndiye mhusika mkuu, na ambaye ametengenezwa kwa kompyuta na kupewa uso wenye hisia za kibinadamu kupita kiasi, ilhali kitabuni anafunzwa ukatili wa Yukon, eneo la baridi kali kaskazini-magharibi mwa Kanada, kwa rungu na meno, mpaka anapopambana na Spitz, kiongozi wa mbwa wavuta sleji (chombo cha kuteleza juu ya theluji), na kumuua. Kwenye filamu Spitz anashindwa, kisha anajiondokea. Hata muuaji wa Thornton amebadilishwa: amewekwa Hal, mmoja wa mabwana wa Buck kabla ya Thornton, ambaye kitabuni anazama zamani pamoja na sleji yake barafu inapopasuka.