Hasira Inaonekana Kwenye Uzi: Kwa Anayeanza Kazi ya Shanga Arusha

Panga mezani bangili kumi za mtu anayejifunza kufuma shanga, na bila kumuuliza utajua ni siku gani aliamka vizuri na ni siku gani alikuwa amegombana na mtu. Bangili ya siku ya hasira ina kiuno. Mwanzoni ina upana wa sentimita moja na nusu, kufika katikati imebanwa, mwishoni inapanuka tena pale alipoanza kupoa. Ya siku ya usingizi imelegea, uzi unachungulia kati ya shanga na kingo zina meno kama msumeno. Mteja hajui lililokupata, ila akiishika anahisi haijakaa sawa. Anairudisha taratibu, anasema asante, anahamia kwa jirani.

Kwa hiyo ukiambiwa kazi hii inataka utulivu, usidhani unapewa mawaidha. Unaambiwa habari za mvutano wa uzi.

Fremu ya kuanzia ni ubao wa sentimita 30 wenye vipande viwili vilivyosimama, kimoja kila mwisho, na misumari midogo minane juu ya kila kipande. Seremala yeyote wa Kijenge au Sakina ataiunga kwa mabaki ya mbao. Shanga anza na namba 8, siyo namba 11. Namba ikipanda shanga inapungua: namba 8 ina unene wa karibu milimita 3, namba 11 karibu milimita 2. Wengi wanakimbilia namba 11 kwa sababu michoro yake inatoka safi, wiki ya pili macho yanauma na fremu inawekwa juu ya kabati. Hapo mtu anasema hana kipaji, kumbe alikosea namba tu.

Bangili ya shanga saba kwa upana inataka nyuzi nane za mtande, yaani zile zinazolala kwa urefu kwenye fremu, kwa sababu kila shanga inakaa kati ya nyuzi mbili. Kata kila uzi sentimita 50 ili ubaki na mkia wa kufungia. Kwa urefu wa sentimita 16 utafuma safu kama 53, jumla shanga 370 hivi, karibu gramu 10. Nunua gramu 15. Kuna zenye tundu lililoziba, zenye upande mmoja mnene, na zenye mdomo uliovunjika. Hizi za mwisho ndizo mbaya kuliko zote, maana kioo chake kinakata uzi polepole na bangili inakuja kukatikia mkononi mwa mtu akiwa ameshafika kwao. Mimina kwenye sinia uliyoitandika kipande cha blanketi kuukuu ili zisikimbie, kisha uchambue kwa kidole.

Mshindio, uzi unaopita kwa upana, upake nta ya nyuki na uukate mita moja tu kwa wakati. Ukikata mita tatu kwa kuogopa kuunga, utatumia nusu saa kufungua mafundo na hasira itaingia kabla kazi haijaanza. Tunga shanga saba, zipitishe chini ya mtande, zisukume juu kwa kidole cha shahada mpaka kila moja iingie kwenye nafasi yake. Halafu rudisha sindano ndani ya shanga zilezile, safari hii ikipita juu ya mtande. Sindano ikiteleza chini ya uzi hata mmoja, shanga ya hapo haijashikwa. Kwenye fremu huoni kitu. Ukishatoa, inaning'inia.

Sasa kuvuta. Vuta mpaka uzi usimame wenyewe, basi. Usivute mpaka shanga zigongane. Kila baada ya safu kumi weka rula: upana ukipungua hata milimita moja, fumua hizo kumi. Anayeanza huona uchungu kufumua, anajipa moyo kwamba mbele itajirekebisha. Haijirekebishi. Atakayeumia zaidi ni yule anayefika safu ya 40 ndipo anapima.

Hapa ndipo suala la moyo linapoingia kwenye ratiba. Usiache kazi siku ambayo kichwa kimechafuka, badilisha kazi. Kichwa kikiwa moto, chambua shanga, kata ngozi ya kushikia kifungo, pinda waya wa vifungo. Koleo na mkasi havijali umekasirika kiasi gani. Ukichoka tu bila hasira, andika lebo, hesabu mali, paka nta nyuzi za kesho. Safu za bangili yenyewe ziwekee saa ambazo mkono wako umetulia, na kwa watu wengi ni asubuhi baada ya chai, kabla simu hazijaanza. Mwezi wa Juni na Julai, Arusha ikiwa na baridi na ukungu wa Meru, vidole vinakuwa vigumu na mtu anavuta zaidi bila kujua. Pasha mikono kwenye kikombe kwanza. Na kufunga mafundo ya mwisho kusifanywe kwa haraka hata mteja akiwa amesimama mlangoni, maana sehemu hiyo ndiyo inayokatika kwanza.

Usichague rangi usiku. Chini ya taa ya njano bluu ya giza na nyeusi ni ndugu, kijani na bluu wanasalimiana, na umeme ukikatika ukahamia kwenye tochi ya simu mambo yanaharibika zaidi. Chagua mchana karibu na dirisha, kila rangi kwenye kopo lake, usiku ufume tu.

Kuhusu ubunifu, watu wanausubiri kama wanavyosubiri mvua. Njia ya uhakika zaidi ni kujibana. Jipe rangi tatu, moja ichukue nusu ya bangili, ya pili ichukue sehemu kubwa ya iliyobaki, ya tatu iwe kidogo sana, kama chumvi. Mwenye rangi tisa mbele yake ndiye anayekaa saa nzima hajaanza. Rangi zenyewe hazitafutwi mbali: simama soko la Kilombero utazame mafungu ya bilinganya, nyanya na ndimu yalivyopangwa na mama wa sokoni, ambaye anajua ni fungu gani likikaa karibu na jingine linauza.

Chora kwenye daftari la hesabu lenye miraba, lakini ujue mtego wake. Shanga ya namba 8 si mraba. Ikikaa kwenye fremu ina upana wa karibu milimita 2 na urefu wa karibu milimita 3, kwa hiyo duara ulilochora kwenye miraba linatoka yai. Punguza safu za mchoro kwa theluthi moja: umbo la miraba tisa kwa urefu lifume kwa safu sita. Hili likikukuta bila kujua utadhani huna jicho.

Na rangi za Kimasai zina wenyewe. Nyekundu husemwa kuwa ni ya damu na ushujaa, nyeupe ya maziwa, bluu ya mbingu na mvua, kijani ya majani ya malisho, lakini mpangilio unatofautiana kati ya eneo na eneo, na kuna mapambo ya mke aliyeolewa na ya binti. Usimtungie mtalii maana ya papo kwa papo ili anunue. Kaa na yeyo (mama) au koko (bibi) wa Kimasai anayefuma Soko la Wamasai, uliza, na kama hujui mwambie mteja kwamba huu ni mchoro wako. Hiyo nayo inauza.

Kabla hujanunua rangi mpya kwa wingi, ijaribu. Loweka shanga kumi kwenye maji ya sabuni usiku kucha, asubuhi zisugue kwa kitambaa cheupe chenye spiriti. Nyingine kumi ziweke dirishani penye jua wiki mbili, na kumi uzifiche kwenye kopo kwa kulinganisha. Wasumbufu zaidi ni waridi na zambarau, kwa kuwa nyingi zimepakwa rangi juu, kioo chenyewe hakina rangi hiyo. Bangili inayopauka inarudi na mtu aliyekasirika.

Akirudi huyo mtu, pokea, badilisha, usijitetee. Akishaondoka chukua mkasi uikate, uitazame kama daktari. Uzi ulioachia kwenye fundo unamaanisha ulikata mkia mfupi. Acha milimita 2 na uyeyushe ncha ya nailoni kwa kiberiti cha gesi. Uliokatika katikati ukiwa na nyuzinyuzi umekatwa na shanga yenye mdomo mkali. Ukikuta ngozi imechanika kwenye kifungo, tundu lilikuwa karibu mno na ukingo. Aibu ya kurudishiwa kazi inakwisha haraka ukiwa na kitu cha kurekebisha mkononi. Ukiificha droo ya chini bila kuikata, itakusema kila ukifungua droo.

Bei ndiyo inayovunja mioyo kuliko shanga. Tuseme vifaa vimekula shilingi 4,000, umefanya saa tatu, na saa yako umeipa thamani ya shilingi 2,500. Hiyo ni 11,500 kabla ya nauli, meza na faida. Anayekwambia elfu tano hajakutukana, hajui tu. Lakini usipokuwa na hesabu hii imeandikwa, utakubali elfu tano saa kumi jioni kwa sababu umechoka kukaa, kisha usiku uilaumu kazi. Andika bei ya mwisho nyuma ya lebo asubuhi, ukiwa na akili zako, na jioni uitii.

Duka likikuomba mali kauli, toa vipande vichache, andika idadi, bei na tarehe ya kukutana, wote wawili mtie saini. Hakuna kinachochosha roho kama kuzunguka mjini kufuatilia bangili thelathini ambazo hata wewe huna uhakika kama zilikuwa thelathini.

Watalii ni wengi kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Masika yakiingia, Aprili na Mei, unaweza kukaa mezani wiki nzima ukiuza moja. Mgeni wa kazi akikutana na Aprili yake ya kwanza huona kila mtu ameacha kumpenda. Ni kalenda. Weka akiba tangu Agosti, iwe kwenye vikoba au kibubu, na masika yaachie kazi ambazo msimu haukupi nafasi: kujaribu rangi, kuchora, kutengeneza sampuli.

Utaigwa. Mchoro ukiuza Jumatatu, Ijumaa uko meza ya tatu kwa bei ya chini. Kugombana sokoni kunakuharibia siku na safu za siku hiyo. Bora uwe na michoro mitatu ambayo bado hujaitoa, na ushindane kwenye umaliziaji, kwa sababu mwigaji huangalia upande wa juu. Mgeuzie mteja bangili aone chini: mikia imefichwa ndani ya safu tatu za nyuma, ngozi imeshonwa hadi pembeni, kifungo hakikwaruzi.

Zile zenye kiuno usizitupe wala usiziuze kwa bei ya huruma. Aprili zifumue, osha shanga kwa maji ya sabuni, zianike kwenye blanketi na kila rangi irudi kopo lake. Moja tu ibakize, iandike tarehe kwa nyuma na uitundike kwenye msumari wa fremu.