Ukienda Poland kusoma, anza na mashairi yao

Juzi binti mmoja wa Moshi ameniandikia. Amepata nafasi ya kusoma Poland, mwaka wa kwanza ni wa lugha tupu, na anauliza aanze na kitabu gani. Mwenyewe anamfikiria Joseph Conrad, kwa kuwa ameambiwa ni Mpolandi aliyeandika juu ya Kongo. Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali limenikaa rohoni, maana mimi nami niliwahi kuuliza, na jibu nililopewa linaniuma mpaka leo.

Conrad kwanza. Ni kweli alizaliwa Mpolandi mwaka 1857, mjini Berdychiv ambako leo ni Ukraine, na baba yake alikuwa mshairi wa Kipolandi. Riwaya zake lakini aliziandika kwa Kiingereza. Msome utakapopenda, ni mwandishi mkubwa, ila hatakufundisha sentensi hata moja ya Kipolandi.

Mimi nilisomea lugha Łódź, mji wa viwanda vya nguo, ule ule ambao Władysław Reymont aliuandikia riwaya mwaka 1899. Siku moja nikaingia duka la vitabu kumtafuta Jan Kochanowski, mshairi wao wa karne ya 16, ambaye mwalimu alikuwa amemtaja darasani. Muuzaji akanitazama, akasema huyo ni mgumu, akaniwekea mkononi "W pustyni i w puszczy" ya Henryk Sienkiewicz. Akasema kitabu hiki kinahusu kwetu. Nikakinunua, nikakisoma chote. Ni hadithi ya watoto wawili wazungu wanaotekwa Misri na kuvuka Afrika, na kijana mweusi, Kali, anawatumikia. Watoto wa Poland wamekuwa wakikisoma tangu 1911. Sienkiewicz mwenyewe alikuja huku mwaka 1891, akapita Zanzibar na Bagamoyo, homa ikamrudisha.

Yule muuzaji hakunitukana, tena alikuwa anatabasamu. Ndicho kilichoniuma. Aliamua peke yake kwamba mtu wa Arusha ataingia kwenye fasihi yao kwa mlango wa mtumishi. Mimi nimekulia karibu na Tengeru, ambako wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 waliishi wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya Wasovieti kuwahamisha makwao kwa nguvu na wao kupitia Iran hadi kufika kwetu. Makaburi yao yapo hadi leo. Tangu mtoto nilikuwa nayaona majina yale kwenye mawe, yenye herufi nisizoweza kuzitamka. Nilikuwa na haki ya kumtaka Kochanowski.

Basi nikarudi nikamnunua. "Treny" ni maombolezo 19 aliyoyachapisha mwaka 1580 baada ya kufiwa na bintiye Urszula, mtoto ambaye hata miaka mitatu hakuwa ameitimiza. Kochanowski alikuwa msomi, amesoma Padua, Italia, anatunga Kilatini vizuri kabisa, lakini alimlilia mtoto wake kwa Kipolandi. Soma mshororo huu wa ombolezo la nane kwa sauti:

Wielkieś mi uczyniła pustki w domu moim

Anamwambia mtoto kwamba ameiacha nyumba yake tupu kabisa. Sasa hesabu mizani. Ni 13: saba, kituo, sita. Aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili, wenye vina na mizani, ukwapi na utao, anaisikia ile pumzi katikati bila kuelekezwa. Halafu mkazo wa Kipolandi, kama wetu, kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Wenzangu darasani waliotoka nchi nyingine walisahihishwa mkazo kila siku. Mimi sikusahihishwa. Hata vivumishi kukubaliana na nomino hakukunitisha, kwa sababu sisi tuna ngeli. Kilichonitoa jasho ni zile hali saba za nomino, yaani neno kubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi, na hapo hakuna njia ya mkato.

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alisoma kitu mbele ya darasa. Nilisimama bila karatasi, nikalisema ombolezo la nane lote. Mwalimu wetu, mama mtu mzima, aliondoka kitini akaja kunishika mikono yote miwili. Ninajivunia siku hiyo kuliko shahada yangu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na wengine mnaojiandaa kwenda: soma kwa sauti. Kariri. Kisha soma tena kwa sauti. Usimngoje mtu akupimie kimo chako, maana atakupimia kifupi. Na usianze na vitabu walivyoandika juu yetu. Ryszard Kapuściński, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1962 akiwa mwandishi wa habari, utamfikia tu. Anza na yale wanayoambiana wao kwa wao, harusini, msibani, shuleni. Taifa hili lilifutwa kwenye ramani na Urusi, Prusia na Austria mwaka 1795, likarudi 1918. Miaka yote hiyo lugha na mashairi ndivyo vilivyowashikilia. Mshairi Adam Mickiewicz alichapisha utenzi wake "Pan Tadeusz" Paris mwaka 1834, akiwa uhamishoni, na mshororo wake wa kwanza unaiita Lithuania, iliyokuwa dola moja na Poland kabla ya kufutwa, nchi yake. Ukiuelewa mshororo huo utawaelewa Wapolandi kuliko kwa kitabu chochote cha historia.

Utaratibu wangu ni huu. Wiki za mwanzo, "Lokomotywa" ya Julian Tuwim, mzaliwa wa Łódź: ni shairi la watoto linalokwenda kwa mwendo wa treni, na ulimi utalegea. Kisha "Treny". Kisha Wisława Szymborska, mshindi wa Nobel wa 1996, sentensi zake ni fupi na safi. "Pan Tadeusz" ni ndefu, sehemu 12 zinazoitwa vitabu, iache mpaka mwaka wa pili. Tuwim, Kochanowski na Mickiewicz utawapata bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Wolne Lektury, ambayo ina pia vitabu vilivyosomwa kwa sauti. Pakua kabla hujasafiri.