Kabla hujakodi pampu ya kupimia bomba, hesabu lita

Kila ninapoitwa kupima bomba jipya kwa presha ya maji, naulizwa kwanza: pampu ije ya bar ngapi, yaani ya presha kiasi gani? Bar si tatizo. Hata pampu ya kuoshea magari inazo, tena zaidi ya 100. Mimi huuliza: hilo bomba likishajaa, linataka lita ngapi ili presha ipande bar 1?

Swali hilo nimelilipia. Tulikuwa Lushoto, bomba la chuma la milimita 200, kilomita 1.8, likishuka kutoka tangini hadi bondeni, tofauti ya mita 60. Tulitakiwa kufikisha bar 15 sehemu ya chini kabisa. Pampu tukaifunga juu kwa sababu ndiko gari lilikofika, na geji tukaifunga hapo hapo. Pampu yenyewe ilikuwa ya kuoshea magari, lita 15 kwa dakika. Geji ikapanda: 5, 8, 10. Mimi naiangalia kwa raha zangu, nasubiri 15. Ilipogusa 12 mshale ukaanguka, simu ikaita kutoka bondeni.

"Kaka, zima! Kifuniko kimetoka!"

Kila mita 10 za kushuka wima ni kama bar 1. Geji ya juu ikisoma 12, chini ni 18. Kwenye kifuniko cha milimita 200, kile kilichoziba mwisho wa bomba, hiyo ni nguvu ya karibu tani 6, nasi tulikuwa tumekiegemezea magogo mawili ya mkaratusi. Vijana wa huko chini walikuwa wameenda kunywa chai. Mpaka leo huwa naiwaza ile chai.

Hesabu ambayo ningeifanya mapema ni hii. Bomba lile linabeba kama lita 56,500. Maji hubanika kidogo sana na chuma hutanuka kidogo. Kwa pamoja ni kama lita 3.5 kwa kila bar. Likishajaa, chini tayari kuna bar 6 kwa uzito wa maji yenyewe. Zimebaki 9, yaani lita 32 tu, ndoo moja ya lita 20 na nusu ya pili! Pampu yangu ilikuwa ikipandisha zaidi ya bar 4 kila dakika. Ile ya mkono nayo, ikitoa mililita 25 kwa pigo, ingetaka mapigo kama 1,300. Hiyo waachie mafundi wa mabomba ya nyumbani. Siku hizi kwa bomba la ukubwa ule nachukua pampu ndogo ya plunja, yenye pistoni inayosukuma maji, lita 3 hadi 5 kwa dakika, na naishusha bondeni hata kama ni kwa kubebwa begani.

Kujaza ni kazi nyingine kabisa, inataka subira. Ukiweza, jaza kutoka chini ili hewa itangulie juu. Kama maji yako juu, fungua valvu kidogo tu. Mara ya pili tulikwenda lita 5 kwa sekunde, kwa muda wa saa 3 na dakika chache, kila valvu ya hewa ina mtu wake mpaka iache kukohoa. Kisha tukaliacha usiku kucha.

Pampu ivute kutoka kwenye pipa lenye alama za lita. Ukitarajia 32, ukafika 60 na geji bado inajivuta, kuna hewa ndani au mahali panavuja. Simama. Hewa iliyobanwa ni kama springi. Ikipata upenyo hurusha vyuma.

Plunja haijui kusimama. Kwa hiyo weka tii, kiungo cha njia tatu, yenye valvu ndogo inayorudisha maji pipani: anza nayo wazi kabisa, ibane taratibu, presha uiongoze kwa vidole. Valvu ya usalama iseti 16. Geji mbili, chini, za 0 hadi 25; ya 0 hadi 100 itakuficha bar nzima. Panda mpaka nusu, tulia, ukague viungo vyote, halafu bar moja moja. Ukifika, funga valvu ya bomba na uondoe pampu. Mtu asikaze bolti wakati huo, hata akiona tone.

Bomba lililo wazi juani litapandisha presha lenyewe mchana na kuishusha jioni. La plastiki hutanuka kwa saa kadhaa, basi usilihukumu kwa kipimo cha chuma.

Wakati wa kumwaga, fungua valvu za hewa za juu kwanza, la sivyo bomba litajivuta kwa ndani na kunyonya mipira ya viungo. Na uulize maji yanaelekea wapi. Sisi tuliyafungulia tu, mita za ujazo 56, na mama mmoja akatokea na kabichi yenye matope mkononi. "Wanangu, hata hodi?" Tulimlipa matuta manne.