Mwanangu, usikunje ile kazi

Mwanangu mama,

Mesaji yako niliisoma asubuhi, nikaisoma tena saa ya kulala. Unauliza mimi nilipataka wapi wakati wa kushona wakati mulikuwa wadogo, juu huyu wako ana miezi minne na hakupi hata nusu saa, na unauliza kama uendelee na ile bulangeti ya vipande ama umuazime dada ya bwana yako mashini mpaka mtoto atembee.

Wakati sikuupataka. Mtoto wa miezi minne analala mara nyingi lakini kidogo kidogo, na ukitaka kumngojea alale vizuri njo utoe mashini, utafute makasi, utafute uzi, upange vipande, ukimaliza kupanga yeye ameshaamka analia. Mwenye mtoto anatafuta fasi, hatafuti wakati. Fasi moja tu, hata pembe ya meza, hata juu ya sanduku, kazi ikae pale wazi, sindano iko ndani, kipande cha kufuata kiko juu ya kile kingine. Unapita na chupa ya maji, unashona mshono mmoja, unaendelea. Usikunje. Nilikwambia hivyo ukiwa bado msichana, ukadhani ni mambo ya mama tu.

Unajua hiyo neno ilitoka wapi. Ama pengine hujui yote, juu ulikuwa na miaka tisa na wakubwa hawakusema mbele yenu.

Mdogo wako alizaliwa mwisho wa 2007, pale Kadutu, Bukavu, kwenye ile nyumba ya chini ya ngazi. Shangazi yenu mkubwa alipanda toka Uvira kuja kunisaidia, na alinisaidia kabisa, hilo nalisema kila mara. Aliosha mtoto, alipika sombe, alinikanda na maji ya moto. Mimi nilikuwa nashona uniforme za watu mpaka mimba ilipokuwa kubwa, na masalio ya bikwembe, vile vitenge vya wateja, nilikuwa nayaweka, kila moja nakata pembe nne sawa. Nilikuwa nimevipanga chini kwenye mkeka, chumbani, upande wa dirisha, mstari kwa mstari, nyekundu haikutani na nyekundu, ile yenye macho haikai karibu na yenye maua makubwa. Nikinyonyesha naangalia, naona kipande hiki kingehamia pale, namlaza mtoto nakihamisha. Ilikuwa kazi ya wiki na wiki, na yote ilifanyika kwa kuangalia tu.

Siku moja niko naosha mtoto kwa nyuma, narudi ndani nakuta chumba kimefagiliwa safi, mkeka umesimamishwa kwenye ukuta. Vipande vyote viko ndani ya mfuko wa unga, vimeshindiliwa. Nikasimama na mtoto amefungwa taulo. Na shangazi yenu akasema, na wageni wako pale salo, mama wa kanisa wawili: mama wa watoto watatu bado anacheza na vitambara chini?

Mpaka leo nikikumbuka ule mfuko, mikono yangu inapata moto.

Baba yako anasemaka niache, kwamba mtu amekuja toka mbali kukusaidia, amefagia, unamkasirikia vipi aliyekufagilia nyumba. Na mimi najiambia hivyo hivyo. Alikuwa na miaka yake, kwao mwanamke akizaa analala, anakula, anangojea nguvu irudi, na nyumba yenye mkeka umejaa vitambara mbele ya wageni kwake ilikuwa haya. Alifanya kwa upendo. Ni kweli. Lakini angeuliza. Neno moja tu, hii niweke wapi? Mtu haingiaki shambani mwa mwingine na kung'oa juu ameona majani. Basi nabishana na mwenyewe hivyo, miaka yote hii, na upande wa kwanza ukishinda leo, kesho ule mwingine unaamka.

Sikuvipanga tena. Nilifungua mdomo wa mfuko, nikauweka karibu na mguu wa mashini, wazi, na nikasema hakuna mtu atafunga huu mfuko tena. Nikiingiza mkono, kinachotoka kinashonwa na kinachofuata. Mtoto mgongoni, mguu kwenye pedali. Ile mashini ya Singer ya koko yako haina haja na umeme, na ule mwendo wa pedali, mbele nyuma mbele nyuma, mdogo wako alikuwa analala nao kabisa. Nikisimamisha mguu anafungua macho. Kwa hiyo ukitaka kujua ni nani alinipa wakati, ni yeye, juu nilikuwa nalazimika kushona ili alale!

Halafu ikaja ile siku ya Mungu ya tetemeko, tarehe 3 mwezi wa pili 2008, asubuhi watu wako kanisani. Hiyo huwezi kusahau. Nyumba ya jirani ukuta ulianguka upande wa barabara, na usiku hakuna aliyetaka kulala ndani juu udongo ulikuwa bado unatikisika kila saa. Tukatandika bashi, lile turubai, pale parseli, sisi, na jirani na watoto wake, na shangazi yenu. Baridi ya Bukavu ya usiku unaijua, iko mita 1.500 juu kule, na unyevu ule wa ziwa. Baba yako akaingia mbio kuchukua cha kufunikia, akatoka na kile alichoshika kwanza, na kilikuwa hiyo kazi yangu. Ilikuwa haijaisha. Vipande vilikuwa vimeungana vyote, chini nilikuwa nimeweka ile bulangeti ya kijivu ya zamani na shuka nyuma yake, vyote vitatu vimeshikiliwa na nyuzi ndefu tu, zile za kutoa kisha.

Mukalala chini yake wote, watoto wetu na wa jirani. Na wewe hukulala. Kila udongo ukitikisika ulikuwa unachomoa uzi mmoja. Polepole, kwa vidole viwili, unauvuta wote mpaka mwisho, unauzungushia kidole. Asubuhi nikakuta una donge zima la uzi mweupe mkononi na ile bulangeti imelegea yote, juu imeenda huku, chini imeenda kule. Sikukugombeza. Nilicheka mpaka nikalia, na shangazi yenu akacheka na mimi, na ndiyo mara ya kwanza tulicheka pamoja toka ule mfuko.

Na ile mchanganyiko wa mfuko, nakuambia ukweli, ilitoka nzuri. Nyekundu ilikutana na nyekundu mara mbili na haikudhuru kitu. Kuna watu waliniambia ni nzuri kuliko kama ningeipanga. Mimi sikubali. Ile ya mkeka ilikuwa nzuri zaidi, niliiona na macho yangu, nyinyi hamkuiona.

Kushonea juu yote kwa mstari kama inavyotakiwa sikuweza tena, mtoto alikuwa ameanza kushikashika kila kitu. Nikafunga mafundo. Hii njo nataka uichukue, juu inafaa kabisa kwa mwenye mtoto: unachukua uzi mnene wa pamba na sindano kubwa, pale vipande vinne vinakutana unashuka mpaka chini unapanda tena, unafunga mara mbili kwa nguvu, unakata unabakiza kidogo. Fundo moja ni muda wa mtoto kupiga chafya. Kila sentimita 10 fundo, na bulangeti haitembei tena, unaweza kuifua.

Shangazi yenu alipokuwa anarudi Uvira akaiomba. Mbele ya baba yako, kwamba iwe ukumbusho wa ile usiku. Nani anakatalia dada mkubwa wa bwana? Nikamkunjia mwenyewe. Uvira, na lile joto la Tanganyika! Bulangeti yenye safu tatu, ya kufanyia nini kule? Mpaka leo iko kwake, ndani ya sanduku, mdogo wako aliiona mwaka juzi, anasema bado ina rangi. Wakati mwingine nafurahi kwamba aliitaka. Mtu haombaki kitu ambacho anakidharau, si ndiyo? Labda kuomba njo ilikuwa namna yake ya kusema kile neno ambacho hakikutoka. Ama aliipenda tu. Sijui, na sitamuuliza, amezeeka.

Ulinitumia mafoto ya wale wamama weusi wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, wale ambao kazi zao ziliwekwa kwenye makumbusho ya Houston na ya New York 2002, na ukaandika chini: hawa walipata wakati wapi. Nimeyaangalia sana. Angalia vizuri na wewe: ni suruali za kazi, magoti yamechakaa, mifuko ilitolewa na alama yake imebaki rangi nzito. Walikuwa wanalima pamba mchana kutwa na watoto wengi, na nyumba upepo unapita. Yule Missouri Pettway alishona yake 1942 kwa nguo za shamba za bwana yake aliyekufa, ajifunike nazo. Hakuna aliyengojea mtoto atembee. Baridi ilikuwa inangojea mlangoni. Na wewe huko Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba si mbali, baridi ya kule ya alfajiri inakata, bwana yako mwenyewe aliniambia.

Kwa hiyo vile ningefanya mimi. Kukata njo kazi peke yake yenye kutaka saa nzima na meza nzima na mtoto awe mbali, juu ya makasi. Mwachie baba yake mtoto siku ya posho, Jumamosi, wakatembee. Fua kwanza bikwembe vyote, kipya kina ule ugumu wa kiwandani na kinaweza kujikunja ukikifua kisha. Kata vipande 80 vya sentimita 12. Sentimita 1 inaingia kwenye mshono kila upande, kinabaki 10, mistari 10 ya vipande 8, unapata sentimita 80 kwa mita 1, inatosha mtoto. Kisha kazi yote inayobaki ni ya dakika tano tano. Shona viwili viwili, na usikate uzi kati yao, wawili wakipita sukuma wawili wengine nyuma yao, vinatoka vimefuatana, unavikata vyote kwa mara moja ukiwa umekaa unanyonyesha. Ukipiga pasi, mstari wa kwanza lalisha mishono upande wa kuume, wa pili upande wa kushoto, ndipo pembe zinakaa pamoja bila kupigana. Na maepengle, zile pini, uyahesabu ukianza na uyahesabu ukimaliza, hapo mimi sina mchezo, mtoto akianza kutambaa anaona kile macho yako hayaoni.

Ikiisha usimfunike nayo usiku. Manesi wa kupimisha watoto wanasema chini ya mwaka 1 asilale na bulangeti yenye kulegea, inaweza kumziba pua. Itandike chini mchana ajifunze kugeuka juu yake. Kumfunika itakuja.

Na iache wazi. Bwana yako akisema salo imejaa, mwambie mama alisema. Fasi ile ni ndogo, haimnyimi mtu kukaa.

Juu ya kuazima mashini, sisemi kitu. Hiyo ni nyumba yako, na dada ya bwana ni dada ya bwana, unaona mimi ile bulangeti niliitoa na sikufa. Mashini ulinunua na pesa yako mwenyewe ya kushona, na yeye anataka kujifunza, kumnyima mtu anayetaka kujifunza si vizuri. Angeweza pia kuja kushonea pale pale kwako, mtoto akamzoea. Lakini sisemi. Ikitoka kwa mlango, kuirudisha ni wewe utaomba, na kuomba kitu chako mwenyewe... hapana, nimesema sisemi. Ongeeni na bwana yako, muamue wawili.

Nimekutengenezea furushi la vipande, nitalitoa kwa mama mmoja wa kanisa anayeshuka Lubumbashi kuona mwanawe, atakupigia simu akifika. Nyingi ni bikwembe vya super wax, kuna na masalio ya uniforme ya bluu, hiyo usidharau, inatuliza macho kati ya maua. Ile ya hirondele, ndege wa kijani, ilikuwa ya koko yako, kitambaa chake kimeanza kulegea, kabla ya kukata kipigie nyuma kipande cha shuka ya zamani, na usikiweke pembeni pale mtoto atavuta, kiweke katikati.

Mama yako